Siri ya Mgonjwa Katika Makazi ya Wazee

(Somo hili lilisomwa redioni katika kipindi cha Elimu ya Watu Wazima. Limechapwa hapa kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya kusoma na kuandika. Kiongozi wa kikundi alisome kwanza kwa sauti, polepole. Kisha wanafunzi wasome wenyewe, kila mmoja sehemu yake.)

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kiongozi wa kikundi amekwisha andika majina ya waliohudhuria. Wenye daftari fungueni ukurasa mpya. Wenye miwani ivaeni.

Leo tutazungumza juu ya kitu kisichoshikika kwa mkono wala kupimwa kwa mizani, lakini kikimwagika hakizoleki. Kitu hicho ni siri ya mgonjwa. Tutakitazama katika mahali pamoja, yaani makazi ya wazee, kwa sababu huko watu wengi hukaa pamoja, hula pamoja na hulala chumba kimoja, na siri huvuja kwa urahisi.

Hebu andikeni neno hili: FARAGHA. Fa-ra-gha. Faragha ni mahali au hali ya mtu kuwa peke yake na mambo yake, bila ya wengine kumwona au kumsikia asipotaka. Mtu akioga nyuma ya pazia, yuko faraghani. Mtu akimwambia daktari habari za mwili wake, mlango ukiwa umefungwa, yuko faraghani.

MAKAZI YA WAZEE

Kwa desturi yetu mzee hutunzwa na watoto wake na jamaa zake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo imefuata desturi hiyo. Inasema kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na kwamba wa kwanza kumtunza ni familia yake. Lakini wako wazee wasio na mtoto wala ndugu, na wako waliotupwa. Hao hupelekwa kwenye makazi.

Katika Tanzania Bara kuna makazi ya Serikali, kwa mfano Nunge huko Kigamboni, Dar es Salaam, Fungafunga huko Morogoro, na Kolandoto huko Shinyanga. Kuna pia makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini na ya hiari.

Baadhi ya makazi ya wazee katika nchi yetu yalianza zamani kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Habari hiyo ina mafundisho kwetu. Mtu aliyepelekwa kwenye makazi ya ukoma alipoteza hata jina lake. Kama alikuwa mfua chuma au fundi wa kushona, hayo yote yalisahauliwa, akaitwa "mkoma", na watoto wake wakaitwa watoto wa mkoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri ukoma utibiwe kwa mchanganyiko wa dawa, na leo tunajua kwamba mgonjwa akianza kumeza dawa hizo hawaambukizi wengine. Ugonjwa ukapona, jina likabaki. Wako watu waliopona miaka mingi iliyopita ambao hata leo huitwa kwa jina la ugonjwa walioupona.

Basi tukisema tulinde siri ya mgonjwa, tunasema kwamba mtu aitwe kwa jina lake, wala si kwa jina la ugonjwa wake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nitawaeleza kisa, nacho kinanihusu mimi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kusoma na kuandika katika makazi fulani ya wazee. Sitayataja jina. Tulikaa barazani, asubuhi baada ya uji. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo niliwaambia wanafunzi wangu, "Someni kila karatasi mnayoiona. Someni pakiti ya chumvi, someni gazeti la kufungia samaki, someni chochote." Nilidhani nimetoa shauri jema.

Siku moja muuguzi alipanga kadi za wagonjwa juu ya benchi, kisha akaitwa ndani. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee mwenye bidii kuliko wote, akachukua kadi iliyokuwa juu. Akaweka kidole chini ya maandishi akaanza kusoma kwa sauti, "Ki-fu-a... ki-ku-u. Kifua kikuu!" Nami nikapiga makofi. Nikasema, "Vizuri sana, mzee wangu!"

Nilipotazama, baraza zima lilikuwa kimya. Mwenye kadi alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale. Akainuka na fimbo yake, akaja, akachukua kadi yake bila kusema neno, akaenda zake.

Kesho yake wakati wa uji watu wawili waliondoa vikombe vyao karibu naye. Hakuja tena darasani. Hayo ningeweza kuyavumilia. Lakini baada ya majuma mawili nilipata habari kwamba haji pia kumeza dawa. Dawa zilikuwa zikitolewa pale pale barazani. Kila jina lake lilipoitwa, watu waligeuza shingo. Akaona afadhali aseme, "Nimekwisha meza." Kikohozi kikarudi, na mwili ukaanza kukonda.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akanijibu, "Marahaba." Nikasema, "Nimekuja kukuomba radhi kwa jambo la siku ile." Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, kwako zile zilikuwa herufi. Kwangu mimi ni kifua changu."

Ndugu wasikilizaji, sijasahau maneno hayo.

Muuguzi alitengeneza mambo kwa busara. Kwanza kadi zote zikawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukakaa kwake. Pili aliacha kugawa dawa barazani. Alianza kuwaita wazee wote, mmoja mmoja, katika chumba chenye mlango. Aliyehitaji dawa ya kifua aliitwa, aliyehitaji dawa ya presha aliitwa, na asiyehitaji dawa aliitwa naye akaulizwa hali. Kwa kuwa wote waliingia, kuingia kwa mmoja hakukumwambia mtu yeyote kitu. Tatu, ilipolazimu kuwapima wengine waliolala chumba kimoja naye, alisema, "Leo tunapima vifua vya watu wote." Hakutaja mtu.

Yule mzee alirudi kwenye dawa, akamaliza. Darasani pia alirudi, lakini alikaa nyuma kabisa.

SIRI NI SEHEMU YA DAWA

Wazee wetu walisema, "Mficha uchi hazai." Tena walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hizi mbili tunazijua sote. Zinamwambia mgonjwa asifiche. Amwonyeshe mkunga, amwambie mganga.

Lakini tukimwambia mgonjwa afunue, nasi tuna deni. Yule aliyefunuliwa lazima afunike. Mgonjwa akiona kwamba alilolisema kwa muuguzi asubuhi limefika jikoni adhuhuri, siku nyingine hatasema. Atasema "sijambo" na huku anaumwa. Na mzee mwenye kisukari anayeficha kidonda cha mguu anaweza kukatwa mguu huo. Mzee mwanamke anayeficha damu inayomtoka anaweza kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikijulikana mapema hutibika. Kwa hiyo kulinda siri si adabu tu. Ni sehemu ya matibabu.

Jambo hili lilijulikana tangu kale. Waganga wa Ugiriki wa zama za Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, walikuwa na kiapo, na ndani yake mganga aliahidi kunyamaza juu ya yale aliyoyaona au kuyasikia katika nyumba za wagonjwa. Mwaka 1948 madaktari wa nchi nyingi walikutana Geneva wakatunga ahadi mpya ya kazi yao, nayo inawataka waheshimu siri za mgonjwa. Mwaka 1968 ikaongezwa kwamba siri hiyo ilindwe hata baada ya mgonjwa kufa. Fikirini juu ya hilo la mwisho. Kaburi halimpi mtu ruhusa ya kutangaza marehemu alikufa kwa nini.

NANI AJUE NINI

Mtu anaweza kuuliza, "Je, katika makazi watu wafanyeje kazi bila kujua ugonjwa wa mzee?" Swali hili ni zuri. Jibu lake ni hili: kila mtu ajue kiasi kinachotosha kazi yake. Tutazame mmoja mmoja.

Daktari na muuguzi wanaomtibu mzee wajue ugonjwa wote, maana bila hivyo watakosea dawa.

Mlezi wa zamu ajue la kutenda. Kwa mfano, mzee huyu aamshwe saa nane usiku aende chooni. Mzee yule asiachwe atembee peke yake, maana hupata kizunguzungu. Mambo mengine ya ndani si lazima ayajue.

Mpishi ajue chakula. Sahani hii haina chumvi, chai hii haina sukari. Inatosha. Hana haja ya kusoma kadi ya hospitali.

Mfua nguo, je? Wengi husema lazima aambiwe nani ana ugonjwa wa kuambukiza, asije akadhurika. Lakini ikiwa atavaa glavu kila siku, kwa nguo za kila mtu, na mashuka yote yenye uchafu yakafuliwa kwa namna moja iliyo salama, yeye atakuwa salama bila kujua jina hata moja. Tena atakuwa salama zaidi, maana hata wale ambao ugonjwa wao haujajulikana hawatamdhuru.

Dereva ajue saa ya safari na mahali pa kwenda.

Jamaa wa mzee wajue yale mzee anayokubali wayajue. Hapa watu wengi hushangaa. Husema, "Mimi ni mtoto wake, mimi ndiye ninayeleta fedha." Ni kweli, na Mungu akubariki kwa kumkumbuka mzazi. Lakini fedha hununua sabuni na dawa. Hainunui siri. Maadamu mzee ana akili zake timamu, aulizwe kwanza.

Mgeni anayekuja kutoa zawadi ajue jambo moja tu: kwamba mzee anafurahi kutembelewa.

MASIKIO, UKUTA NA MKALIMANI

Siri nyingi hazitolewi na watu wabaya. Hutolewa na watu wema wasiofikiri. Nitataja njia nne ambazo nimeziona.

Njia ya kwanza ni sauti. Wazee wengi hawasikii vizuri. Mlezi husimama mlangoni akapaza sauti, "Mzee! Umepata choo leo?" Ua mzima husikia, na mzee huona haya. Dawa yake ni rahisi. Msogelee, kaa upande wa sikio lake zuri, sema polepole. Ikiwa hasikii kabisa, mpeleke pembeni.

Njia ya pili ni ukuta. Kuna mahali ambapo orodha ya dawa hubandikwa ukutani, jina la mzee upande huu na jina la dawa upande ule, ili mlezi wa zamu asisahau. Nia ni njema. Lakini kila anayejua kusoma hujua. Orodha hiyo ikae katika daftari, na daftari likae ndani ya kabati.

Njia ya tatu ni mkalimani. Mzee fulani anajua Kisukuma tu, na daktari hajui Kisukuma. Huitwa mzee mwenzake atafsiri. Jioni habari za tumbo la yule mzee zimekwisha zunguka makazi yote. Ni bora atafute mfanyakazi anayejua lugha hiyo. Asipopatikana, mzee aulizwe, "Unataka nani akusaidie kusema?" Naye mkalimani aambiwe wazi kwamba yaliyosemwa humo ndani yabaki humo.

Njia ya nne ni mwili wenyewe. Kuoshwa, kubadilishwa nguo, kufungwa kidonda, haya ni mambo ya mwili, na mwili husema siri zake. Pazia la khanga kuukuu na kamba ya kulitundika havigharimu kitu kikubwa. Hata mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, asiyejua tena siku wala jina la mwanawe, bado huvuta nguo yake ajifunike. Akili imesahau mengi, lakini heshima yake ipo.

KUJULIANA HALI

Sasa tufike kwenye jambo gumu kidogo. Sisi ni watu wa kujuliana hali. Mtu akiugua huenda tukamtazama. Asiyekwenda huonekana ana moyo mgumu. Je, faragha inatukataza desturi hii njema?

Haikatazi. Tazameni vizuri desturi yenyewe. Tunaingia, tunapiga hodi, tunasema, "Ugua pole." Tunauliza, "Unaendeleaje?" Mgonjwa hujibu, "Nashukuru, sijambo kidogo." Katika maneno hayo yote hakuna jina la ugonjwa. Waliotuachia salamu hizi walijua kumpa mgonjwa mlango wa kusema na mlango wa kunyamaza. Akitaka kueleza, ataeleza mwenyewe. Asipotaka, amekwisha kujibu.

Swali linaloharibu ni lile tulilolizoesha siku hizi: "Wamekuambia una nini?" Na baya zaidi ni kumwuliza mlezi kando, "Kwani yule mzee anaumwa nini?" Mlezi mwema atajibu, "Mwulize mwenyewe, atafurahi kukuona." Jibu hilo liandikeni katika daftari. Linafaa kila siku.

Vivyo hivyo katika sala. Imamu, padri au mchungaji akija kuwaombea wagonjwa, aweza kuwaombea kwa majina yao wakikubali. Kutaja ugonjwa mbele ya watu si lazima.

PICHA NA SIMU

Tarehe 1 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo, na siku za Idi na Krismasi, watu wengi huenda kwenye makazi na sukari, sabuni na mablanketi. Jambo jema sana. Lakini siku hizi kila mkono una simu, na kila simu ina kamera. Mzee hupigwa picha kitandani, kidonda chake kikiwa wazi, na kabla jua halijatua picha imefika kwa watu ambao hatawaona kamwe.

Tusidhani jambo hili liko kwetu tu. Huko Marekani wazee wengi wanaohitaji uuguzi hukaa katika nyumba za kuwatunzia, na ndugu zetu wengi waliohama kutoka Afrika Mashariki hufanya kazi katika nyumba hizo. Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1987 iliyowapa wakazi wa nyumba hizo haki ya faragha, na mwaka 1996 ikatunga sheria nyingine iliyozaa kanuni za kulinda habari za wagonjwa wote. Hata hivyo, mwaka 2015 waandishi wa habari wa shirika la ProPublica walieleza visa 35 vilivyotokea tangu mwaka 2012, ambavyo wafanyakazi wa nyumba za wazee walisambaza picha za wakazi, wengine wakiwa hawana nguo. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ikaagiza kila nyumba ya namna hiyo iwe na kanuni za kukataza picha za kuwadhalilisha wazee.

Twajifunza nini? Kwamba sheria ni ukuta mzuri, lakini simu iko mfukoni ndani ya ukuta. Mlinzi wa mwisho ni yule mwenye simu.

Basi kabla ya kupiga picha, mwulize mzee. Mwonyeshe picha hiyo. Mwambie itakwenda wapi. Akisema hapana, rudisha simu mfukoni, na sukari uiache.

SHERIA ZETU

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Haikusema kila kijana, wala kila mwenye nyumba yake. Imesema kila mtu. Mzee aliye kwenye makazi yumo.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inawataka wote wanaoshika habari za upimaji na matibabu wazitunze kwa siri. Haikuwataja waganga peke yao. Imewataja hata wanaotafsiri lugha ya alama na walezi wa kisheria.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, yaani zenye kuhitaji uangalizi mkubwa kuliko nyingine. Imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu aliyeonewa anaweza kupeleka malalamiko yake huko.

Wenzetu wa Kenya nao wana haki ya faragha katika Ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Neno moja juu ya kidole gumba. Mara nyingi mzee asiyejua kusoma huletewa karatasi na kuambiwa, "Weka dole hapa." Karatasi hiyo labda inasema kwamba amekubali habari zake zitolewe. Dole la mtu ambaye hakusomewa karatasi si ruhusa. Asomewe yote, kwa lugha anayoielewa, aulize maswali, ndipo aweke dole au akatae.

SIRI HUFUNGULIWA LINI

Ziko nyakati ambazo siri hufunguliwa, lakini hufunguliwa kwa kipimo.

Wakati wa kwanza ni pale mgonjwa mwenyewe anapokubali. Wa pili ni pale wengine wanapokuwa katika hatari, kama katika ugonjwa wa kuambukiza. Hapo hutolewa habari inayotosha kuwalinda, kwa watu wanaohusika, kama alivyofanya muuguzi katika kisa changu. Wa tatu ni pale sheria au mahakama inapotaka. Wa nne ni pale mzee amepoteza fahamu au akili za kuamua. Hapo msimamizi wake anayejulikana ndiye huelezwa, ili aamue kwa faida ya mzee.

Tena, siri isitumike kuficha uovu. Mzee akipigwa, akinyimwa chakula au akiachwa na kidonda kinachooza, mlezi asiseme, "Hiyo ni siri ya makazi." Siri ni ya mgonjwa. Makazi hayana haki ya kujifichia nyuma yake.

NENO KWENU MLIOJIFUNZA KUSOMA

Zamani katika vijiji vyetu wenye kujua kusoma walikuwa wachache. Mtu akipata barua, alimpelekea mmoja wao amsomee. Msomaji yule alijua nani ana deni, nani ameachwa na mkewe, mtoto wa nani amefungwa mjini. Aliyenyamaza aliheshimiwa mpaka kufa kwake. Aliyesema hakupelekewa barua tena.

Sasa nanyi mnajua kusoma. Kadi ya mgonjwa ikiwa mezani, macho yenu yataisoma hata kabla hamjataka. Hilo si kosa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa bahati mbaya hufungwa. Geuzeni kadi ile chini, mpeni mwenyewe, na midomo inyamaze. Mimi nilifundisha herufi nikasahau kufundisha jambo hili. Leo nimelifundisha.

Sasa kiongozi azime redio. Jadilianeni kwa muda wa nusu saa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini yule mzee aliacha kumeza dawa? Taja makosa ya mwalimu na makosa ya muuguzi.

2. Mfua nguo wa makazi anasema, "Nitajieni wenye UKIMWI, nijilinde." Mtamjibu nini?

3. Mwana wa mzee amekuja kutoka mjini anataka kusoma kadi ya baba yake. Baba amekataa. Mlezi afanye nini?

4. Je, katika nyumba zenu siri za wagonjwa huvuja kwa njia gani? Semeni njia bila kutaja majina.

MANENO YA KUKUMBUKA

Faragha: hali ya mtu kuwa peke yake na mambo yake.
Taarifa: habari iliyotolewa au iliyoandikwa.
Nyeti: inayohitaji uangalizi mkubwa.
Ruhusa: kukubali kwa hiari, baada ya kuelewa.
Mkalimani: mtu anayetafsiri maneno ya wengine.

KAZI YA KUANDIKA

Andika sentensi tatu zinazoanza na maneno haya: "Nikimtembelea mgonjwa nita..." Mwalimu wa darasa atazisahihisha.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.